Nani Alipie Moshi wa Magari?



Nimepewa dakika chache niseme juu ya jambo linalobishaniwa sana huko London: kutoza ada magari yanayochafua hewa. Ada hiyo ilianza Aprili 2019 katikati ya mji, na tarehe 29 Agosti 2023 ikaenea London nzima. Gari dogo lisilotimiza kipimo hulipiwa pauni 12.50 kwa siku.

Wapinzani husema kwamba wanaotwishwa mzigo ni wanyonge. Fundi bomba mwenye gari kuukuu hana fedha za kununua jingine, wala hawezi kupanda basi na mabomba yake. Hoja hiyo siidharau.

Lakini yupo mnyonge mwingine. Ella Adoo-Kissi-Debrah, mtoto wa miaka 9 aliyekaa karibu na barabara kubwa kusini mwa London, alifariki mwaka 2013 kwa pumu. Mwaka 2020 mchunguzi wa vifo aliamua kwamba hewa chafu ilichangia kifo chake. Mtoto huyo hakuwa na gari.

Basi mimi nasema ada itozwe, ila msaada utangulie. London ilitenga pauni milioni 160 za kuwasaidia wenye magari ya zamani, lakini wakazi wote waliruhusiwa kuomba siku 8 tu kabla ya ada kuenea. Hapo ndipo chuki ilipopata nafasi. Dawa ilikuwa njema, ilicheleweshwa.