Nani atauliza juu ya reli yetu? Maneno ya vijana kwa raia wa Kamina mbele ya kikao cha bajeti

 

Sisi tunaoongea ni vijana wa vuguvugu la raia. Wengi wetu tumemaliza univerisite, diploma iko mu bahasha ku nyumba, kazi hakuna. Tunauza krediti ya simu, tunabeba watu na moto, tunasaidia mama zetu mu soko. Hatukuja kuomba kura na hatuna kandida wa kuwaonyesha. Tumekuja kuongea juu ya kitu kimoja: lile swali ambalo mbunge ana haki ya kumwuliza waziri, na namna gani swali hilo linaingia mpaka ndani ya chungu chetu.

Tuanze na reli, kwani hapa Kamina kila kitu kinaanza na reli. Reli kutoka Lubumbashi ilifika Bukama mwaka 1918. Mwaka 1928 ikafika Ilebo, ikipita hapa kwetu. Mwaka 1956 tukaunganishwa na Kabalo, na kutoka Kabalo njia inaenda Kalemie, ku ziwa Tanganyika. Ng'ambo ya ziwa ni Kigoma, na kutoka Kigoma reli inafika Dar es Salaam. Angalieni karte vizuri: Kamina iko katikati. Muji kama huu haungepaswa kuwa maskini.

Lakini mnajua hali. Treni inangojewa siku nyingi, na hakuna anayeweza kukuambia kama itafika leo ao juma lijalo. Samaki ya Kikondja inaozea njiani. Mafuta ya mawese ya Kabongo na mahindi ya Kaniama yanasukumwa na baiskeli, kijana anatembea siku na siku kwa faida ya kununua sabuni tu. Mvua ikinyesha, malori yanalala mu matope, na mama anayenunua chumvi hapa analipa yale matope pia. Wafanyakazi wa SNCC, baba za wengi wetu, wamejua miezi mingi bila mushahara, na watoto wakafukuzwa ku masomo sababu ya minervali.

Na kuna wale waliokufa. Tarehe 22 mwezi wa 4 mwaka 2014, treni ya mizigo ilianguka Katongola, si mbali na hapa, makumi ya watu wakafa. Tarehe 10 mwezi wa 3 mwaka 2022, treni ya mizigo iliyotoka Luena, jimbo letu hili, ikienda Tenke, ilianguka Buyofwe, mu Lualaba. Watu wasiopungua 75 walikufa. Wakasema ni watu waliopanda kwa siri. Sisi tunauliza: mtu anapanda juu ya mizigo ya mwingine kwa furaha gani? Anapanda kwa sababu treni ya wasafiri hakuna, barabara hakuna, na mgonjwa wake ao biashara yake inamungoja mbele.

Sasa, nani ana kazi ya kuuliza? Tumesoma Katiba, tuwaeleze bila maneno magumu. Artikle 100 inasema Bunge linapiga kura ya sheria, na linakontrole Serikali pamoja na makampuni ya Leta. SNCC ni kampuni ya Leta, basi iko ndani. Artikle 138 inataja vyombo vya kazi hiyo: swali la mdomo ao la maandishi, swali la mambo ya siku, interpelasio, komisio ya uchunguzi, na kuita wakubwa mbele ya komisio. Kama majibu hayatoshi, artikle 146 inaruhusu mosio. Kwa kuangusha Serikali nzima inaomba sahihi za robo ya wabunge, ni kusema 125 kwa wabunge 500. Kwa waziri mmoja inaomba sehemu moja ya kumi, ni kusema 50.

Msifikiri vyombo hivyo vimeoza. Tarehe 27 mwezi wa 1 mwaka 2021 wabunge 367 walipiga kura, wakaiangusha Serikali ya Sylvestre Ilunga Ilunkamba. Yeye mwenyewe, kabla ya kuwa Waziri wa Kwanza, alikuwa mukubwa wa SNCC. Siku ile mambo yalikuwa ya kugombania mamlaka kule Kinshasa, hayakuwa mambo ya treni. Lakini tuliona kwa macho yetu: wabunge wakitaka, wanaweza. Nguvu iko. Kinachobakia ni kuitumia kwa ajili yetu.

Tuvuke ziwa kidogo, twende kwa majirani wa Kigoma, watu wa mwisho ule mwingine wa njia yetu. Mwaka 2012 mbunge wao wa Kigoma Kaskazini alikuwa Zitto Kabwe, mtu wa upinzani, wa chama cha Chadema. Mwezi wa 4, mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali, Ludovick Utouh, alipeleka ripoti yake mu Bunge kule Dodoma. Ndani mlikuwa pesa za watu zilizotumika vibaya mu wizara na mashirika ya Serikali. Zamani ripoti kama hizo zilisomwa, watu wakakasirika siku mbili, halafu kabati.

Safari ile Zitto hakuishia ku kelele. Alianza kukusanya sahihi za wabunge ili kura ya kutokuwa na imani ipigwe juu ya Waziri Mkuu, Mizengo Pinda. Sheria yao iliomba asilimia 20 ya wabunge, karibu watu 70. Sahihi zikapatikana, na mu orodha mlikuwa hata watu wa CCM, chama chenye kutawala, kama vile Deo Filikunjombe wa Ludewa. Spika Anne Makinda akasema hapana, sheria inaomba taarifa ya siku 14 mbele. Kura haikupigwa. Kwa hesabu ya karatasi, Zitto alishindwa.

Lakini mwanzo wa mwezi wa 5 Rais Kikwete alipanga upya Serikali, akatoa mawaziri sita. Ndani yao: waziri wa fedha, Mustafa Mkulo, na waziri wa uchukuzi, Omari Nundu. Kutolewa si hukumu ya tribinali, tuseme haki. Lakini mawaziri wa nchi ile walielewa kama ripoti ya hesabu inaweza kumutosha mtu ku kiti.

Tunataka mukamate mambo tatu mu hadisi hii. Ya kwanza, mbunge hakuongea kwa hasira tu, alikuwa na karatasi ya mkaguzi mu mukono. Ya pili, hakuwa peke yake: wa chama kingine walitia sahihi, kwani pesa ikipotea haiulizi kadi ya chama. Ya tatu, raia walikuwa wanaangalia. Sahihi zilihesabiwa mbele ya taifa nzima, na mbunge aliyekataa kutia alijua ataulizwa kwao.

Na tusifichane: kuuliza kuna bei. Mwaka 2007 Zitto alisimamishwa Bunge kwa miezi kazaa kwa sababu ya mukataba wa mgodi wa Buzwagi aliouuliza. Mwaka 2018 aliuliza juu ya shilingi trilioni 1.5 ambazo, mu hesabu za mkaguzi, hazikuonekana zimetumika wapi. Serikali ilijibu kama hakuna pesa iliyoibiwa. Mkaguzi wa wakati ule, Mussa Assad, akasema Bunge lina udhaifu, na mwezi wa 4 mwaka 2019 Bunge likaamua halitafanya kazi tena na yeye. Kwa hiyo mtu anayeuliza asiachwe peke yake. Kumusimamia ni kazi yetu sisi raia.

Tunajua yale wazee fulani wanasema hapa Kamina: «Watoto, musiende na mbunge wa upinzani, Kinshasa itakasirikia jimbo, hatutapata kitu.» Tunawaheshimu, lakini tunawauliza kwa adabu: Haut-Lomami imekuwa jimbo tangu 2015. Tumekuwa na watu mu majorite, tumekuwa na mawaziri, tumeshangilia kila mukubwa aliyeshuka ku uwanja wa ndege. Barabara iko wapi? Kunyamaza kumetuletea nini? Pesa ya bajeti si zawadi ya mtu, ni kodi yetu na madini ya nchi yetu. Artikle 175 inasema majimbo yanabakisha asilimia 40 ya mapato ya taifa. Kuuliza sehemu yetu si matusi.

Wengine wanasema mbunge wa upinzani anatafuta kiti tu. Inawezekana. Lakini swali zuri linabakia zuri hata kama aliyeliuliza anatafuta kiti. Mpeni kura ao mumunyime, hiyo ni siku ya uchaguzi. Leo tunataka majibu.

Na majibu yanaleta faida. Mwezi wa 2 mwaka 2023, wakaguzi wa IGF walionyesha kama mu mukataba wa Sicomines, ambao uliahidi dolari miliari 3 kwa barabara na majengo, ni milioni 822 tu zilizotoka. Watu wakauliza, wakaendelea kuuliza. Mwezi wa 3 mwaka 2024 mukataba ukaandikwa upya: mpaka miliari 7, dolari milioni 324 kila mwaka kama bei ya shaba haishuki sana. Namba moja iliyowekwa wazi ilifungua mlango. Lakini pesa iliyoandikwa bado si kaburoni. Inabidi mtu aifuate mpaka ku matope ya Kaniama.

Kikao cha bajeti kinafunguliwa tarehe 15 mwezi wa 9 na kinaisha tarehe 15 mwezi wa 12. Tunataka wabunge wote wa Haut-Lomami, wa upinzani na wa majorite, wapeleke maswali haya:

Moja. Kwa miaka mitano ya mwisho, ni franka ngapi zilipigiwa kura mu bajeti kwa ajili ya SNCC, na ni ngapi zilitoka kweli? Waziri wa Bajeti na wa Fedha watoe namba mbili hizo, moja pembeni ya ingine.

Mbili. Benki ya Dunia ilianza mwaka 2010 mradi wa usafiri, na reli ilikuwa ndani yake. Kazi gani zilimalizika ku njia ya Kamina, ku kilometa gani?

Tatu. Uchunguzi wa Katongola na wa Buyofwe uwekwe wazi kwa raia. Njia ilirekebishwa wapi? Familia za wafu zilipata nini?

Ine. Ndani ya zile milioni 324 za kila mwaka, ngapi zinakuja ku barabara ya taifa namba 1 mu jimbo letu, kampuni gani inajenga, na kazi inaisha lini?

Tano. Mishahara ya nyuma ya wafanyakazi wa reli italipwa kwa kalenda gani?

Hatutaki jibu la «Serikali inashugulika». Tunataka namba, tarehe na jina la mwenye kazi.

Na sisi tufanye nini? Artikle 27 inampa kila Mukongomani haki ya kupeleka petisio kwa mamlaka, peke yake ao pamoja na wengine, na mamlaka inapaswa kujibu mu miezi mitatu. Petisio iko hapa ku meza. Someni kwanza, halafu mutie sahihi. Asiyejua kuandika tutamusomea kwa Kiswahili ao kwa Kiluba, na ataweka kidole. Hatuombi hata franka moja, na atakayewaomba pesa kwa jina letu, mutuambie. Kopi moja itaenda kwa kila mbunge wa jimbo, na ingine kwa Asamble ya jimbo, kwani gavana naye anaulizwa na wabunge wa jimbo.

Kisha tutahesabu siku. Kila mwisho wa mwezi tutabandika mu soko na ku gare orodha ya wabunge wetu: nani aliuliza, nani alinyamaza. Bila matusi, bila kutupa jiwe. Mwenye kuja na jiwe, arudi nalo ku nyumba.

Vijana wenzetu, tuliosoma tunaweza kusomea wengine bajeti. Mama wa soko mnajua bei kuliko waziri yeyote. Baba wa reli mnajua kila travasi iliyooza na iko wapi. Tuwekeni pamoja yale tunayoyajua, mbunge asipate sababu ya kusema hakuambiwa.

Meza iko pale, kalamu ziko.