Mzazi Mgeni Mlangoni pa Shule: Tunampokeaje Mkoani Singida?

Mada kwa ajili ya semina ya walimu wakuu, maafisa elimu kata na wajumbe wa kamati za shule



Nimeombwa nizungumzie wazazi wanaotoka nje na kuwaleta watoto wao katika mfumo wa shule wasioujua. Mada ya namna hii imezoeleka Dar es Salaam na Arusha, kwenye shule za kimataifa ambazo ada yake hutajwa kwa dola. Lakini wageni tunao hapa hapa. Reli ya kisasa inajengwa kupita Manyoni na Itigi, na mkandarasi wa kipande cha Makutupora hadi Tabora ni kampuni ya Kituruki ya Yapi Merkezi. Mgodi wa dhahabu wa Shanta, kule Mang'onyi wilayani Ikungi, ulianza uzalishaji mwaka 2023. Hospitali zetu za misheni zimepokea madaktari na wauguzi wa ng'ambo kwa miongo mingi. Wapo Wakenya wanaofuata biashara ya alizeti na vitunguu, na wapo Watanzania wenzetu wanaorudi nyumbani baada ya kuishi ughaibuni, wakiwa na watoto ambao hawajawahi kukaa katika darasa la Kiswahili hata siku moja.

Kuna pia kundi jingine, ambalo hakuna anayeliita la wageni. Nitalifikia.

Hoja yangu ni moja. Mzazi asiyeujua mfumo wa shule si mzazi mzembe, na kazi ya kumweleza mfumo huo ni ya shule. Si ya jirani yake, na wala si ya mtoto wake.

Wageni wa Kiomboi

Tuanze na historia yetu wenyewe, maana Singida ina kisa cha aina yake. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza wamisionari wa Kijerumani wa Leipzig walipoondoka, kazi yao huko Iramba ilichukuliwa katika miaka ya 1920 na Wamarekani wa Sinodi ya Augustana, kanisa la Kilutheri lililoanzishwa mwaka 1860 na wahamiaji waliotoka Uswidi. Hao ndio waliojenga hospitali ya Kiomboi na kuandaa walimu pale Kinampanda. Humu ukumbini hawakosekani watu ambao babu zao walijifunza kusoma kwa walimu waliotoka Kinampanda.

Watoto wa wamisionari hao walisoma wapi? Walisoma Kiomboi hapo hapo, katika Shule ya Augustana, shule ya bweni iliyowekwa kwa ajili yao na iliyofuata masomo ya Kimarekani. Baadhi yao walipokua walivuka mpaka hadi Kijabe, Kenya, katika shule ya Rift Valley Academy iliyoanzishwa mwaka 1906 kwa ajili ya watoto wa wamisionari.

Siwalaumu wazazi wale. Mtu anayejua kwamba baada ya miaka michache atarudi kwao Minnesota ana kila sababu ya kutaka mwanawe asome kile atakachokikuta huko. Nao walilipa gharama: mtoto mdogo kulala bwenini mbali na mama yake, miezi kadhaa, si jambo jepesi kwa familia yoyote. Ninachotaka tukione ni kitu kingine. Watu walioendesha shule zetu kwa miaka mingi hawakupata kukaa kwenye benchi la kikao cha wazazi katika shule hizo. Hawakuwahi kupewa fomu wakaambiwa wajaze, wala kusimama mbele ya mwalimu mkuu bila kujua waulize nini. Ndiyo maana shule ya kijiji haikupata nafasi ya kujifunza namna ya kumpokea mzazi asiyejua chochote kuihusu: mzazi huyo hakuja.

Njia hiyohiyo imefuatwa kwingine. Shule ya Kimataifa ya Moshi ilianzishwa mwaka 1969 hasa kwa ajili ya watoto wa wataalamu wa kigeni wa hospitali ya KCMC. Mgeni mwenye uwezo amekuwa akijengewa shule yake. Sasa hali imebadilika. Fundi mitambo wa reli, muuguzi wa kujitolea, mfanyabiashara mdogo kutoka Kenya, Mtanzania aliyerudi na akiba ndogo, hawa hawana ada ya Moshi. Wanakuja kwetu.

Asichokijua

Naomba tumtazame mtoto mmoja kwa karibu. Amemaliza darasa la nne Uturuki mwezi Juni, kwa sababu kwao mwaka wa shule huanza Septemba. Anafika Manyoni Julai. Kwetu mwaka ulianza Januari na umeshafika katikati. Tumweke darasa gani? Tukimweka la nne, kabla ya mwaka kwisha atakaa kwenye upimaji wa kitaifa, kwa Kiswahili, akiwa na miezi michache tu ya lugha hiyo, na mwanafunzi asiyefikia kiwango hukariri darasa. Tukimweka la tatu, anarudishwa nyuma kwa kosa lisilo lake. Tukimrusha la tano, anaingia kwenye masomo ambayo msingi wake hakuupata.

Mimi ningemweka la tatu, amalizie nusu ile ya mwaka huku akijifunza lugha, kisha Januari aanze la nne pamoja na wenzake. Mwalimu mwingine anaweza kuamua vinginevyo, na akawa sahihi. Lakini uamuzi huo hufanywa kwa dakika tano, mzazi akiwa amesimama mlangoni, na mara nyingi haambiwi kwamba darasa la nne lina upimaji wa taifa. Anajua tu kwamba mtoto "amepokelewa". Habari ya kukariri huisikia Januari.

Kuna suala la namba. Mwanafunzi wa shule ya msingi nchini ana namba yake katika mfumo wa PREMS wa Baraza la Mitihani, na uhamisho wa shule hadi shule hupitia humo. Mtoto aliyetoka nje hana namba hiyo. Mzazi hawezi kudai asichojua kwamba kipo. Shule isipomwandikisha mapema, pengo hilo huja kuonekana wakati wa kuandaa orodha ya watahiniwa, wakati ambao kila mtu ana haraka.

Kisha lugha. Mzazi Mkenya au wa ughaibuni anaposikia kwamba shule ya msingi ya serikali hufundisha kwa Kiswahili, hufikiri mtoto atasoma hivyo hadi mwisho. Hajui kwamba kidato cha kwanza masomo karibu yote hugeuka kuwa ya Kiingereza. Tena siku hizi hata miaka yenyewe inabadilika. Sera mpya ya elimu, iliyozinduliwa mwanzoni mwa 2025, inafanya elimu ya msingi kuwa ya miaka sita na elimu ya lazima kuwa ya miaka kumi. Wanafunzi waliokuwa darasa la tatu mwaka 2024 ndio wa kwanza kumaliza wakiwa darasa la sita, mwaka 2027, mwaka uleule watakapomaliza na wale wa darasa la saba. Wenyeji wenyewe wanauliza hilo kila kikao. Mgeni je?

Na michango. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada na michango ya lazima hadi kidato cha nne, kuanzia Januari 2016. Mgeni akisoma habari hiyo anaelewa kwamba hakuna cha kulipa. Halafu mtoto anarudi nyumbani na ujumbe wa mdomo: kesho mje na fagio la chelewa, kidumu cha maji, na debe la mahindi la chakula cha mchana. Kwetu hilo halina maajabu, tumelelewa nalo. Mzazi aliyezoea kupokea barua yenye muhuri anajiuliza kama anaibiwa. Wengine hutoa fedha mara mbili kwa woga, wengine hukataa kabisa na mtoto wao akaonekana mwenye kiburi. Karatasi moja, yenye kutenganisha kilicho cha lazima, kama sare na madaftari, na kile ambacho wazazi wamekubaliana wenyewe kikaoni, ingemaliza ugomvi huo.

Jambo la viboko nalisema waziwazi kwa sababu ndilo huvunja imani upesi kuliko yote. Kanuni zetu za mwaka 2002 zinaruhusu adhabu hiyo kwa masharti: itolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu, isizidi viboko vinne, na iandikwe kwenye kitabu. Uswidi ilipiga marufuku kumpiga mtoto mwaka 1979, hata nyumbani kwake. Mzazi wa huko hapaswi kugundua tofauti hii kwa kuona alama mguuni pa mwanawe. Lazima aelezwe siku ya kwanza, na shule imsikilize anachosema. Kwa maoni yangu, shule ambayo inaona aibu kumweleza mzazi mgeni jinsi inavyoadhibu watoto ina sababu nzuri ya kuacha kuadhibu namna hiyo, kwa watoto wote.

Mtoto asifanywe mkalimani

Watoto hujifunza lugha uwanjani. Miezi michache ya rede na kombolela, mtoto anaongea Kiswahili, na pengine Kinyaturu cha kutosha kutania wenzake. Mama yake bado anahesabu moja hadi kumi. Ndipo tunapofanya kosa kubwa kwa nia njema: kikao kinaitishwa, mtoto anawekwa katikati, na tunaambiana "atatafsiri yeye".

Tufikirie tunamtwika nini. Mwalimu anasema, mama mzazi, mtoto wako ni mtoro siku za Ijumaa na hisabati imemshinda. Anayepaswa kulisema hilo kwa mama ni mtoto mwenyewe. Akilisema lilivyo, amejishtaki. Akilipunguza, amejifunza kwamba mzazi wake anaweza kudanganywa na shule haitajua. Kwa vyovyote, heshima ya mzazi nyumbani inapungua. Watanzania na Wakongo walioko Ulaya na Marekani wanalijua jambo hili kwa uchungu. Huko wao ndio wageni, na watoto wao ndio wanaosoma barua za shule kwa sauti mezani. Uswidi imekuwa na utaratibu wa kufundisha watoto wa wahamiaji lugha ya nyumbani kwao tangu mageuzi ya mwaka 1977. Sisi hatuna bajeti ya namna hiyo. Lakini tuna watu wazima. Katika kata hapakosi mfanyabiashara, sista, muuguzi au mwalimu wa sekondari anayejua Kiingereza, Kifaransa au Kiarabu. Aombwe mapema, apewe kiti, na aelezwe kwamba anachokisikia ni siri ya familia.

Munguli

Sasa kundi lile nililoahidi. Wahadzabe ni watu zaidi kidogo ya elfu moja, wanaoishi pande za Ziwa Eyasi, katika Mbulu, Karatu, Meatu na hapa kwetu Mkalama, hasa Munguli. Lugha yao, yenye sauti za kudokoa kwa ulimi, haijathibitika kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote duniani. Nchi ni yao kuliko ya yeyote kati yetu, na bado mbele ya shule wao ndio wageni kuliko Mturuki.

Mtoto wa Kihadzabe wa miaka mitano huenda porini na wenzake, akaokota ubuyu na matunda, akachimba mizizi, akala na kubeba nyingine kambini. Anajitegemea katika umri ambao wengi wetu bado tunawalisha watoto wetu. Tangu miaka ya 1960 Serikali imejaribu mara kadhaa kuwaweka Wahadzabe katika makazi ya kudumu na watoto wao katika shule za bweni, na mara nyingi watoto wamekimbia kurudi porini. Taarifa zetu huandika neno moja: utoro.

Tujiulize baba wa mtoto huyo aliambiwa nini. Fomu inauliza tarehe ya kuzaliwa. Yeye huhesabu kwa misimu ya mvua, matunda na asali. Muhula unafunguliwa wakati ambao kambi imehama. Bwenini mwanawe anafundishwa kwa lugha ambayo baba anaijua kidogo, na mwalimu hajui hata salamu moja ya lugha ya mtoto. Akija kumchukua mwanawe wakati wa asali, anaonekana adui wa elimu.

Mhandisi wa kigeni akiuliza kwa nini mwanawe anatakiwa kukariri darasa, tunamvutia kiti na kumwita mwalimu wa taaluma aeleze. Mzazi wa Munguli akiwa na swali lilelile, mara nyingi jibu lake ni wito wa mtendaji wa kata. Hii si haki. Wote wawili hawaujui mfumo wetu, na mmoja ana njia ya kuondoka akichoka nao. Mwingine hana.

Ninachoomba

Sileti mradi, wala siombi fedha. Naomba kila mwalimu mkuu aliyemo humu, kabla shule hazijafunguliwa Januari, aandike ukurasa mmoja kwa Kiswahili chepesi: mwaka unaanza na kwisha lini, madarasa yapi yana upimaji au mtihani wa taifa, lugha ya kufundishia hubadilika wapi, mzazi anatakiwa kutoa nini na nini ni hiari, adhabu zetu ni zipi, na akiwa na malalamiko amwone nani. Kamati ya shule iusome kikaoni na kuusahihisha. Kila darasa lenye mtoto mgeni liwe na mzazi mwenyeji mmoja aliyekubali kupokea simu za mzazi huyo muhula wa kwanza wote.

Kwa Mkalama naomba zaidi. Ukurasa huo usisomwe ofisini. Upelekwe kambini na mwalimu mwenyewe, akiwa na Mhadzabe mtu mzima wa kuutafsiri, na kalenda ya shule ya Munguli ipangwe baada ya wazazi kusema ni miezi gani wanahama. Afisa elimu wa wilaya yuko hapa ukumbini. Ombi hili nalikabidhi kwake.