Pushapu ya Mikono Juu ya Ukingo

Pushapu ya ukingoni hupigwa viganja vikiwa juu ya kitu kigumu kilichoinuka, miguu ikiwa chini. Kadiri kitu hicho kinavyozidi kimo, ndivyo mzigo wa mikono unavyopungua. Katika pushapu ya kawaida mikono hubeba takriban asilimia 64 ya uzito wa mwili. Viganja vikipandishwa sentimita 60, mzigo hushuka hadi karibu asilimia 41. Kwa mtu wa kilo 70, mzigo hushuka kutoka kilo 45 hivi hadi 29 hivi.

Kaunti za Migori na Homa Bay, kando ya Ziwa Victoria nchini Kenya, hazikosi mahali pa kuipigia. Ngazi ya kanisa, benchi la dukani lililoegemezwa ukutani, ukingo wa mashua iliyovutwa nchi kavu kule Sori, Muhuru au Mbita: vyote vinafaa, mradi havitikisiki. Mashua inayoelea haifai kabisa. Mchanga wa ufuoni nao huteleza chini ya vidole, kwa hiyo udongo uliokauka ni bora.

Wavuvi wana sababu ya pekee ya kuijua. Nyavu za omena na za mbuta huvutwa, hazisukumwi. Mgongo hushiba kazi huku kifua na misuli ya nyuma ya mkono ikibaki nyuma. Pushapu huisawazisha hali hiyo.

Viganja huwekwa kwa upana unaozidi mabega kidogo. Miguu hurudishwa nyuma mpaka mwili unyooke kutoka kisogo hadi visigino, kisha tumbo na makalio hukazwa kabla kiwiko hakijakunjwa. Hapa ndipo wengi huharibu. Tumbo likilegea, kiuno huning'inia na mgongo wa chini hubeba mzigo usio wake. Nyonga zikipandishwa juu, kifua hukwepa kazi. Wakati wa kushuka pumzi huvutwa, na viwiko huelekea nyuma kwa pembe ya nyuzi 45 hivi kutoka mbavuni. Viwiko vilivyotanuka sawa na mabega huweza kulibana bega, na maumivu yake huweza kujitokeza baadaye. Kinachofika ukingoni ni kifua, si kidevu. Shingo iliyochomozwa mbele humfanya mtu adhani ameshuka kumbe bado. Pumzi hutolewa wakati wa kusukuma, mikono inyooke na mabega yasipande masikioni.

Kushuka kwa sekunde mbili au tatu hujenga nguvu kuliko kudondoka na kuruka. Vijana wanaojinoa kwa usajili wa polisi na jeshi hupenda hesabu kubwa, lakini pushapu 40 za kiuno kilicholegea hazifikii 10 safi. Anayemaliza seti tatu za 12 bila umbo kuvunjika ateremke hadi ukingo mfupi zaidi, wa sentimita 30, na hatimaye ardhini. Seti ikome pale kiuno kinapoanza kushuka.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linapendekeza watu wazima wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki, na miguu na mgongo visiachwe. Mwenye maumivu makali ya bega au ya kifundo cha mkono aache siku hiyo. Yakiendelea, aende kituo cha afya.