Kumbukumbu Namba
(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani, Makanya)



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi yangu, tena nisizidishe dakika kumi kwa kuwa chakula kiko tayari. Mimi ni wakili wa serikali. Watu wakisikia hivyo hudhani kazi yetu ni kusimama mahakamani na kunguruma. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya kesi ya jinai huendeshwa kwa barua, na barua yaweza kumweka mtu mahabusu, au kumtoa, kabla shahidi hata mmoja hajaapishwa.

Wenzangu wa darasa letu mtakumbuka tulivyofundishwa barua rasmi: anwani mbili, kumbukumbu namba, tarehe, YAH:, kisha "Husika na kichwa cha habari hapo juu." Tuliicheka sana. Mimi mwalimu alinikata alama mbili kwa kuacha kumbukumbu namba, nikaona nimeonewa. Barua yenyewe ilikuwa ya kuomba kazi katika shamba la mkonge la kubuni. Namba ya nini?

Enzi tukiwa hapa, katika mahakama za wilaya askari ndiye aliyepeleleza, na askari mwenzake ndiye aliyeendesha mashtaka. Sheria ya mwaka 2008 ikaanza kuzitenganisha kazi hizo mbili, na mwaka 2018 ikaundwa Ofisi ya Taifa ya Mashtaka. Siku hizi polisi huleta jalada kwa wakili wa serikali, naye hulisoma na kulirudisha na maelekezo: mtafuteni shahidi fulani, hakikisheni jambo fulani. Barua hizo wakili wa utetezi hazioni. Katika mahakama za chini yeye hupewa hati ya mashtaka na maelezo ya mlalamikaji. Wenzetu wa Kenya, kwa katiba yao ya mwaka 2010, wamempa mshtakiwa haki ya kujulishwa mapema ushahidi ambao upande wa mashtaka unakusudia kuutegemea. Binafsi naona wametutangulia, ingawa wapo wakubwa wangu wasiopenda kusikia hivyo.

Sasa niwape kisa. Mwaka 2012 nilikuwa katika mkoa mmoja mbali na huku, sitautaja. Kijana mmoja, utingo wa lori, alishtakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Kosa hilo halina dhamana, na adhabu yake haipungui miaka 30. Wakili wake akaniandikia kutoa taarifa, kama sheria inavyomtaka, kwamba usiku wa tukio mteja wake hakuwapo pale. Alikuwa Makanya, lori lao likingoja kupakia jasi, na jina lake limo katika kitabu cha getini. Akaambatisha nakala ya ukurasa ule.

Makanya! Nililisoma jina hilo mara mbili. Nikaliona vumbi jeupe la jasi, nikasikia na upepo wetu huu. Siku ile ile nikamwandikia mkuu wa upelelezi wa wilaya kwamba atume mtu akakione kitabu hicho na kumhoji mlinzi. Nikatia sahihi, nikaendelea na majalada mengine.

Kijana aliletwa mahakamani kila baada ya siku 14, maana sheria haikubali mtu aliye ndani aahirishiwe kesi kwa zaidi ya siku 15 kwa mara moja. Kila akiletwa alisikia maneno yale yale: upelelezi haujakamilika. Siku 60 zikaisha. Mkuu wa upelelezi wa mkoa akawasilisha hati ya kuomba muda, zikapatikana nyingine 60. Wakili wake aliniandikia barua ya pili. Nilimjibu kwa adabu zote kwamba suala lake linashughulikiwa, na mimi mwenyewe niliamini hivyo.

Mtaniuliza, kwani hapakuwa na simu? Ilikuwapo, mezani pangu. Lakini mambo ya jalada tumezoea yatembee kwa karatasi, na asiyejibiwa huona zamu si yake.

Barua ya tatu wakili aliileta kwa mkono, akakaa kwenye kiti mbele yangu, akakataa chai. Nikaenda naye polisi. Mhudumu wa masjala, mama mmoja mtaratibu, alitafuta nusu saa, akarudi na jalada la wizi wa mbuzi. Barua yangu ilikuwa imefungwa humo, safi kabisa. Jalada la kijana lilikuwa namba 71, nami nilikuwa nimeandika 17. Polisi walikuwa wakingoja maelekezo yangu. Mimi nilikuwa nikingoja majibu yao. Kijana alitungoja sote wawili.

Askari alikuja hapa Makanya, akakiona kitabu, akamhoji mlinzi, akarudi. Kazi yote haikumaliza wiki. Nikaandika mapendekezo, na Mkurugenzi wa Mashtaka akaiarifu mahakama kwamba hana nia ya kuendelea na shauri. Kijana akaachiwa asubuhi hiyo hiyo.

Hati ile ya kuondoa mashtaka ina mistari michache tu, wala haina mahali pa kuandika radhi. Nilimngoja nje ya mahakama nimwambie kwa mdomo kosa lilikuwa la nani. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza kama serikali ingemlipia nauli ya kurudi kwao. Nikamwambia haina fungu hilo, nikatoa mfukoni. Akazihesabu, akaaga, akaenda stendi.

Mwalimu wetu wa Kiswahili namwona pale, safu ya pili. Mwalimu, zile alama mbili sikuja kuzidai.