Pesa za Ulemavu Zisiishie Kwenye Nauli: Mazungumzo kwa Wakazi wa Eastlands



Mazungumzo ya leo yanahusu swali moja. Je, pesa ambazo serikali hutenga kwa watu wenye ulemavu zinaweza kumsaidia mtu kupata mazoezi ya tiba? Jibu ni ndiyo, lakini hakuna mfuko mmoja ulioandikwa jina la mazoezi. Msaada umegawanyika katika ofisi mbalimbali, na familia isiyojua kuuunganisha hubaki na kiti cha magurudumu uani huku mgonjwa akizidi kukakamaa kitandani.

Mazoezi ya tiba si yale ya kujenga kifua. Ni mazoezi yanayopangwa na mtaalamu wa tiba ya viungo, ambaye mitaani huitwa fizio, baada ya kumpima mtu na kuona ni misuli ipi imelegea na ni kiungo kipi kimekaza. Huwafaa waliopata kiharusi, watoto wenye mtindio wa ubongo, walioumia uti wa mgongo na waliokatwa mguu au mkono baada ya ajali.

Mazoezi haya hayangoji. Aliyepata kiharusi hurejesha nguvu nyingi zaidi katika miezi ya mwanzo. Goti la mtoto lisiponyooshwa kila siku, misuli hufupika, na baadaye huenda likahitaji upasuaji. Mtu asiyegeuzwa kitandani hupata vidonda. Kwa hivyo familia inayosubiri mpaka pesa zitoshe huenda ikazipata wakati nafasi nzuri ya kupona imeshapita.

Huduma hii si hisani. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya huduma za afya, na Kifungu cha 54 kinataja haki za watu wenye ulemavu, zikiwemo vifaa vya kuwasaidia. Mwaka 2008 Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ambao Kifungu chake cha 26 kinahusu huduma za kumrejeshea mtu uwezo wake. Mwaka 2025 nchi ilipata Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu iliyochukua nafasi ya ile ya 2003.

Hatua ya kwanza ni usajili. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, NCPWD, ndilo linalotoa kadi. Mtu hupimwa na madaktari katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa kwa kazi hiyo, kisha maombi hufanywa kupitia eCitizen. Makao makuu ya Baraza yako Waiyaki Way, mbali na Kayole au Dandora, na ndiyo maana ni nafuu kuanzia mtandaoni. Asiye na simu ya intaneti anaweza kusaidiwa na jamaa, au kufika Huduma Centre ya Makadara. Usajili wa Baraza haulipishwi. Mtu akidai hongo ili "kuharakisha kadi", huyo ni tapeli.

Kadi hiyo hufungua njia ya Hazina ya Kitaifa ya Maendeleo ya Watu Wenye Ulemavu. Hazina hii husaidia kwa vifaa kama viti vya magurudumu, magongo na miguu ya bandia, pamoja na karo na ruzuku za biashara kwa vikundi. Anayeomba kifaa amuulize kwanza fizio ni kipi kinachomfaa. Kiti kikubwa kuliko mtoto humpinda mgongo, na faida yote ya mazoezi hupotea.

Hatua ya pili ni mpango wa Inua Jamii. Kwa mtu mwenye ulemavu mkubwa anayehitaji kuangaliwa saa zote, familia iliyoingizwa katika mpango hulengwa kupata Sh2,000 kwa mwezi, na mlezi ndiye anayezipokea. Wa kuulizwa ni chifu, naibu wake na afisa wa maendeleo ya jamii. Kuingizwa hutegemea nafasi na tathmini ya hali ya nyumba, na kuna vipindi ambapo malipo yamechelewa na kufika kwa pamoja. Pesa hizi hazina masharti ya matumizi, kwa hivyo familia ina uhuru wa kutenga sehemu kwa ajili ya matibabu.

Hatua ya tatu ni Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Kujisajili ni kwa *147# au katika kituo cha afya. Katika zahanati na vituo vya afya vya umma, aliyesajiliwa hupata huduma za msingi bila malipo. Kwa huduma za hospitali kubwa, mchango uwe umelipwa. Kiwango cha chini ni Sh300 kwa mwezi. Kabla ya kuanza mazoezi, mlezi aulize dirishani: huduma hii inalipiwa na SHA hapa, au ni pesa mkononi? Ikiwa ni pesa mkononi na nyumbani hakuna, aombe kumwona afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali. Hospitali za umma zina utaratibu wa kupunguza au kusamehe gharama kwa wasiojiweza.

Sasa tupige hesabu. Chukulia mama wa Dandora anampeleka mtoto Hospitali ya Mama Lucy Kibaki kila wiki. Tuseme nauli ni Sh100 kwa kila mmoja kwenda, na vivyo hivyo kurudi. Hiyo ni Sh400 kwa safari moja, Sh1,600 kwa safari nne. Katika zile Sh2,000 zimebaki Sh400, na bado hajanunua unga wala nepi. Mwezi wa tatu atachoka, ataacha, na mtoto atarudi nyuma.

Mama huyo huyo akimwambia fizio ukweli kuhusu nauli, mpango hubadilika. Anaweza kuomba afundishwe mazoezi ya kufanya nyumbani, ayafanye mbele ya mtaalamu mpaka ayajue, kisha aitwe kila baada ya wiki mbili ikiwa hali ya mtoto inaruhusu. Nauli inashuka hadi Sh800, na mtoto ananyooshwa kila siku badala ya mara moja kwa wiki. Anaweza pia kuomba mpango huo uandikwe kwenye kitabu cha kliniki, ili mhudumu wa afya ya jamii anayezuru nyumba zao aufuatilie. Maumivu yakizidi, kiungo kikivimba au mtoto akipata degedege, mazoezi yasimame na arudi kliniki.

Wenye ulemavu walioajiriwa nao wana nafasi yao. Aliyesajiliwa na Baraza anaweza kuomba KRA cheti cha msamaha, na Sh150,000 za kwanza za mapato yake ya mwezi hazitozwi kodi. Cheti hutolewa kwa muda maalumu, kwa hivyo tarehe yake iangaliwe. Kodi iliyookolewa inaweza kulipia fizio wa karibu na nyumbani. Anayelipwa awe na leseni chini ya Sheria ya Wataalamu wa Tiba ya Viungo ya 2014. Kuomba kuiona si utovu wa adabu.

Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya wapatao 900,000 wenye ulemavu, kuanzia umri wa miaka mitano, na shida ya kutembea ndiyo iliyotajwa zaidi. Wengine wamo katika ploti za Umoja na Kayole, ghorofa ya nne, nyumba zisizo na lifti, na jirani hawajui kama wapo.

Kwa hivyo kila mlezi aanze wiki hii na mambo matatu: usajili wa SHA, tarehe ya kupimwa kwa ajili ya kadi ya NCPWD, na kumuuliza fizio, "Nifanye nini nyumbani kesho asubuhi?" Na jirani mwenye nguvu amsaidie kumshusha mgonjwa ngazi siku ya kliniki.