Neno la Mwenyekiti: Chunusi na Vidonge vya Vitamini



Leo kikundi chetu kimetimiza miaka 10. Habari za hisa na marejesho atazisoma mweka hazina, hatutamwingilia kazi yake. Sisi tumeombwa neno la afya, tukaona tuseme jambo lililotupata humu humu kikundini: chunusi na vidonge vya vitamini. Msicheke. Jambo hili nusura litupotezee mwenzetu.

Mwenzetu huyo, jina hatulitaji, ni mama wa miaka 40 na ushee. Ghafla akatokwa na chunusi kubwa kidevuni, mashavuni, mpaka mgongoni. Kwa vijana tungesema ni balehe, lakini mtu mzima! Basi maneno yakaanza. Wengine karogwa, wengine ana yale maradhi mnayoyajua. Akaacha kuja vikaoni, hisa akawa anamtuma mtoto. Akajipaka mkorogo ili afiche, uso ukazidi kuharibika.

Tulikwenda kumwona, watu wanne. Katika kuongea ndipo akatutolea kopo la vidonge vya vitamini, alivianza mwezi uliopita kwa ajili ya uchovu. Tukamsindikiza zahanati, kopo mkononi. Muuguzi akasoma kibandiko: vitamini B12, kidonge kimoja mikrogramu 1000. Mahitaji ya mtu mzima kwa siku ni kama mikrogramu 2.4 tu.

Akatueleza kwamba ngozi ya kila mtu ina vijidudu vyake, vinakaa kwenye vinyweleo na havina ugomvi. B12 ikizidi mwilini, kwa baadhi ya watu vijidudu hivyo hutoa kitu kinachoichokoza ngozi ivimbe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliandika habari hizo mwaka 2015. Kati ya watu 10 wenye ngozi safi waliopewa B12, mmoja alitokwa na chunusi baada ya wiki moja. Mmoja tu! Kwa hiyo jirani yako anaweza kumaliza kopo zima asiote hata kipele, wewe ukaota.

Mwenzetu aliacha vidonge, akaacha na mkorogo, na baada ya wiki kadhaa uso ukatulia. Kipi hasa kilimchokoza? Muuguzi hakutaka kuapa, maana mkorogo nao mara nyingi una dawa za steroidi, na hizo huleta chunusi zake.

Sasa hapa tusikilizane vizuri, asije mtu akafika nyumbani akamwaga kila kidonge. Mjamzito aendelee na vidonge vyake vya kuongeza damu alivyopewa kliniki. Mgonjwa wa kisukari anayemeza metfomini anaweza kupungukiwa na B12, naye akiandikiwa asiache bila kumwuliza daktari. Tunasema vile vya kujinunulia wenyewe kwa kusikia sifa. Na vitamini A ya vidonge ikizidi, inaweza kumdhuru mtoto tumboni, kwa hiyo mjamzito asijinunulie hovyo.

Anayekula dagaa, mayai, maziwa au maini, B12 anaipata humo, na ini la mtu huiweka kwa miaka. Kumbe hata ini linaweka akiba, tena bila kutozwa faini ya kuchelewa!

Kamati ya mikopo imeletewa ombi la fedha za kununulia makopo ya vitamini, yauzwe nyumba kwa nyumba. Hatukulikataa wala hatukulipitisha. Tulimwambia mwombaji alete kopo moja likasomwe kwanza zahanati. Amelileta, na ombi lake litasikilizwa kikao cha Jumamosi, wote mje. Mwenzetu yule naye amesharudi vikaoni, hisa zake analeta mwenyewe.

Tunamkaribisha mweka hazina asome mahesabu.