Duka Tupu Laweza Kuwa Nyumba ya Wote

(Mazungumzo kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Leo nataka tuongee juu ya vyumba vya biashara vilivyofungwa. Hata masokoni kwetu vipo: kufuli imeshika kutu, na vijana wamekaa nje barazani kwa sababu hawana pa kwenda. Akina mama wanaojua kusuka vyondo hawana mahali pa kufundishia wasichana. Wazee wanaojua nyimbo na hadithi zetu wanazeeka nazo. Basi watu tunao, vyumba vipo. Kinachokosekana ni nini?

Niwapeleke kidogo Australia, katika mji wa Newcastle. Ni mji wa bandari, uliojulikana kwa makaa ya mawe na chuma. Desemba 1989 ulipigwa na tetemeko la ardhi, watu 13 wakafa. Mwaka wa 1999 kiwanda kikubwa cha chuma kikafungwa. Maduka ya katikati ya mji yakaendelea kufungwa moja moja. Mwaka wa 2008 mzaliwa wa huko, Marcus Westbury, alihesabu majengo matupu karibu 150 katika barabara mbili kuu.

Je, alichanga pesa anunue majengo? La. Alianzisha shirika lisilo la faida, Renew Newcastle, likaenda kuongea na wenye majengo. Hao walikuwa na hofu: ukimpa mtu upangaji, kumtoa ni shida. Kwa hivyo shirika halikuomba upangaji. Liliomba ruhusa ya kutumia chumba kwa siku 30, inayoongezwa tena na tena. Mwenye jengo akipata mpangaji wa kulipa, anarudishiwa chumba chake. Shirika lilishughulikia bima, na watumiaji wakasafisha na kupaka rangi. Wachoraji, wapiga picha na washonaji wakaingia, taa zikawaka, watu wakaanza kurudi. Kazi hiyo ilidumu kama miaka kumi, hadi shirika lilipofungwa mwaka wa 2019.

Sasa, hofu ile hata hapa Kenya iko. Chini ya sheria ya wapangaji wa maduka, Sura ya 301, mpangaji asiye na mkataba wa maandishi analindwa. Mwenye duka hawezi kumtoa bila notisi ya angalau miezi miwili. Hiyo ni kinga nzuri kwa mfanyabiashara mdogo. Lakini mwenye ploti akiwaza kesi, pengine ataona afadhali kufuli. Kwa hivyo mkimwendea, mshike haya:

Kwanza, kiende kikundi kilichosajiliwa, si mtu mmoja. Mwenye nyumba anataka kujua atamuuliza nani kitu kikivunjika.

Pili, andikeni wazi kwamba ni ruhusa ya kutumia chumba bila kodi, si upangaji, na mtahama baada ya notisi ya siku ngapi. Anayejua sheria aisome hiyo karatasi kabla ya kutia sahihi.

Tatu, msimwage simiti katika chumba cha mwenyewe. Pesa za kikundi zinunue vitu vinavyobebeka: mikeka, viti, ngoma, vitabu, kabati.

Nne, "bure" ni kwa yule anayeingia. Stima, maji na mlinzi vina bei. Mjue nani atalipa kabla ya kufungua mlango. Mali bila daftari huisha bila habari.

Najua kuna mama hapa anajiuliza: tukishapafanya pazuri, si atatunyang'anya? Ndiyo, anaweza, na ni haki yake. Msimfiche mwanachama jambo hilo. Lakini kama mlinunua vya kubebeka, mtaondoka navyo mkagonge mlango mwingine. Na msichana aliyejifunza kusuka chondo hapo ndani, hakuna notisi ya kumnyang'anya ujuzi wake.

Haya, kabla ya mkutano ujao, kila kikundi kihesabu vyumba vilivyofungwa sokoni kwake na kuuliza mwenyewe ni nani. Chagueni kimoja tu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.